Fangasi wa udongoni na kabichi za Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wakulima wa mboga wa visiwani, mabwana na mabibi shamba, wanafunzi wa kilimo, na yeyote aliyekwisha kung'oa kabichi iliyonyauka akaambiwa "hiyo fangasi" na maelezo yakaishia hapo. Jibu hilo si la uongo, ila halisaidii. Fangasi wa jina moja wana koo nyingi, na ukoo ndio unaoamua ununue mbegu ipi, upande nini msimu ujao, na dawa ipi ni kutupa pesa. Maswali tumeyaacha yafuatane kwa namna yanavyoulizwa makondeni, si kwa mpangilio wa darasani.

Kabichi nyingi sokoni zatoka bara. Kuna haja gani ya kuhangaika na magonjwa ya udongo wa hapa?

Ni kweli kwamba kabichi nyingi za Darajani na Mwanakwerekwe zimevuka bahari, na baadhi zimelimwa milimani, kama Lushoto, ambako usiku mtu hujifunika blanketi. Anayelima hapa anataka kuuza kabichi iliyokatwa asubuhi hiyo hiyo. Lakini analima zao la baridi kwenye nchi ya joto, na mmea uliokwisha kuchoshwa na jua haupigani vizuri na ugonjwa.

Fangasi, kwa upande wake, yuko kwao. Yule anayeleta mnyauko wa manjano hustawi udongo ukiwa na nyuzijoto 24 hadi 29, na hulegea ukishuka chini ya 16. Udongo wetu haufiki huko chini hata katikati ya kipupwe. Mkulima wa nchi za baridi hupata miezi kadhaa ya kusaidiwa na majira. Sisi hatuna miezi hiyo, ndiyo maana kumjua adui kwa ukoo wake ni lazima zaidi hapa kuliko huko.

Fangasi wenyewe ni akina nani?

Kwa joto letu, wa kuwaangalia kwanza ni watatu.

Fusarium oxysporum, tawi lake liitwalo conglutinans, ndiye wa mnyauko wa manjano. Huingilia mizizini, hupanda na mishipa ya maji, na mmea hugeuka manjano huku udongo una unyevu wa kutosha. Akikosa kabichi hujificha katika spora (chembe zake za kuzaliana) zenye ganda nene, na spora hizo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Mtafiti wa Marekani Erwin F. Smith alishauandika ugonjwa huu kabla karne ya 19 haijaisha.

Rhizoctonia solani alipewa jina lake mwaka 1858 na Mjerumani Julius Kühn, aliyemkuta kwenye viazi. Huyu ni mwenyeji wa vitalu. Huleta kinyausi kwa miche michanga. Miche iliyokua kidogo huikaba shina likasinyaa, likawa jembamba, gumu na jeusi. Kabichi ikishafunga, huozesha majani ya chini yanayogusa ardhi na pengine kichwa chenyewe. Kwa kawaida hatoi spora za kupeperuka. Husafiri kwa nyuzi zake na kwa vipande vigumu vya kahawia vinavyogandamana na udongo na mabaki.

Sclerotium rolfsii hupenda joto na unyevu kuliko wote. Utamwona shingoni mwa mmea, pale shina linapotoka ardhini: nyuzi nyeupe zimetanda, na juu yake vidonge vya kahawia vyenye ukubwa wa mbegu ya haradali. Amekwisha kuonekana kwenye aina zaidi ya 500 za mimea. Ana jina la Peter Henry Rolfs, aliyemchunguza kwenye tungule za Florida katika miaka ya 1890.

Yuko na wa nne, Sclerotinia sclerotiorum, ambaye vitabu vya nje humtaja sana. Huyo ni wa ubaridi na umande mwingi. Mkulima wa Lushoto amwogope. Mkulima wa Donge au Konde aanze na hao watatu.

Na Pythium? Na ugonjwa wa mizizi kuvimba?

Hawa si fangasi, ingawa wamezoeleka kuwekwa kwenye kapu hilo. Pythium huua miche kwenye kitalu kilichozidi maji na yuko karibu zaidi na jamii ya mwani. Plasmodiophora brassicae, anayevimbisha mizizi ya kabichi, ni kimelea wa namna yake peke yake. Mrusi Mikhail Woronin alimweleza mwaka 1878. Tofauti hii ina bei yake dukani, kama utakavyoona kwenye swali la dawa.

Kabichi yangu imegeuka manjano. Nitajuaje ni fangasi na si kitu kingine?

Anza na kisu. Ng'oa mmea mzima na mizizi yake, upasue shina kwa urefu. Mishipa ikiwa ya kahawia kutoka chini kwenda juu, na manjano yameelemea upande mmoja wa jani au wa mmea huku jani limepinda, fikiria Fusarium. Majani ya chini ndiyo hudondoka kwanza.

Manjano yakianzia ukingoni mwa jani yakaingia ndani kwa umbo la V, na mishipa ndani ya V hiyo ni myeusi, hapo umekutana na uozo mweusi, ugonjwa wa bakteria aitwaye Xanthomonas campestris. Huenea upesi sana wakati wa mvua na hauhusiani na fangasi hata kidogo. Watu wengi huyachanganya magonjwa haya mawili, na lawama huangukia mbegu isiyo na kosa.

Mizizi yenye vinundu vidogo vidogo vilivyotawanyika mara nyingi ni kazi ya minyoo fundo, ile ile inayosumbua tungule na bamia. Usiidharau. Minyoo hii hutoboa mizizi, na kila tundu ni mlango wa Fusarium.

Huo "utofauti wa kijenetiki" una maana gani kwa mtu mwenye jembe?

Kusema "konde langu lina Fusarium oxysporum" ni sawa na kufika Wete ukauliza nyumba ya Juma. Wako wengi, na wengi wao hawana ubaya na mtu. Wapo wanaoishi kwenye mizizi bila kuidhuru, na wapo hata wanaowazuia ndugu zao wabaya wasipate nafasi. Wenye madhara wamegawanyika matawi zaidi ya 100, na kila tawi lina mmea wake au kikundi chake kidogo cha mimea. Conglutinans hushambulia kabichi na jamaa zake. Raphani hushambulia figili. Zamani wote hao waliwekwa pamoja kama tawi moja lenye mbari nyingi, mpaka Paul Bosland na Paul Williams walipoonesha mwaka 1987 kuwa ni matawi yanayojitegemea: hawaungani nyuzi, protini zao zinatofautiana, na kila mmoja ana mimea yake.

Ndani ya conglutinans kwenyewe kuna mbari ya 1 na mbari ya 2. Kwa macho, hata chini ya hadubini, huwezi kuzitenganisha. Kabichi ndiyo inayozitenganisha, kwa kufa au kutokufa.

Rhizoctonia solani amegawika kwa njia nyingine. Wataalamu huchukua nyuzi za fangasi wawili na kuziweka karibu karibu. Zikikutana zikaungana, wawili hao ni wa kundi moja. Zikikataana, kila mmoja ana kwao. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani walitaja makundi manne ya kwanza, AG 1 hadi AG 4 (AG ni kifupi cha Kiingereza cha kundi la kuungana nyuzi). Leo orodha imefika AG 13. Haya makundi si mapambo ya maabara. AG 2-1 ni mkali hasa kwa jamii ya kabichi na hupenda udongo wa ubaridi kidogo. AG 4 hupenda joto, na mbali na miche ya kabichi hula kunde, maharage na tungule. AG 1-IA ndiye anayeleta ugonjwa wa ala za majani kwenye mpunga. AG 3 ni wa viazi mbatata. Wote hao, ukisoma karatasi ya maabara isiyokwenda ndani, wameandikwa jina moja.

Kwa Sclerotium rolfsii, makundi huonekana kwenye sahani ya maabara: koloni mbili zisizopatana huacha mstari kati yao pale zinapokutana. Konde moja linaweza kuwa na makundi kadhaa ya namna hiyo. Ndiyo maana sampuli ya mmea mmoja haisemi habari za konde zima.

Kama Fusarium hajulikani kuzaana kwa dume na jike, utofauti wote huo umetoka wapi?

Kuna njia kadhaa, na moja inashangaza.

Mabadiliko madogo ya jeni hutokea tu wakati fangasi anapojigawa, na konde lenye mabilioni ya spora lina nafasi nyingi za mabadiliko hayo. Halafu kuna uhamiaji: udongo kwenye jembe, miche ya kununua, maji yanayotiririka kutoka bustani ya juu kwenda ya chini. Kisha kuna mchujo, na huu tunaufanya wenyewe. Ukipanda aina moja ya kabichi sugu mwaka hadi mwaka, unamnyima chakula fangasi wa kawaida na kumwachia uwanja yule mmoja aliyepata njia ya kuupita usugu.

Hiyo ya kushangaza ni kuhama kwa kromosomu, yaani kifurushi kizima cha jeni. Mwaka 2010 kikundi cha watafiti wa nchi mbalimbali kilichapisha uchambuzi wa Fusarium oxysporum wa tungule. Kati ya kromosomu zake 15 walikuta 4 ambazo si za lazima kwa maisha yake ya kawaida, na ndani yake mna jeni za kushambulia mmea. Walipomweka fangasi huyo pamoja na mwenzake asiye na madhara, kromosomu moja ilihama, na yule mpole akaanza kuuguza tungule kama mwenziwe. Kwa hiyo umati wa Fusarium wapole udongoni si wa kupuuzwa, ingawa pia si wa kuuliwa ovyo, maana ndio wanaobana nafasi ya wabaya. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na wauzaji wa dawa za "kusafisha udongo wote" hutaja moja tu.

Nilinunua mbegu sugu, pakiti imeandikwa hivyo. Mbona zimenyauka?

Usugu wa kabichi kwa mnyauko wa manjano una historia ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1910, huko Wisconsin, Lewis Ralph Jones aliingia kwenye mashamba yaliyoharibika, akachagua kabichi chache zilizobaki zimesimama na kuchukua mbegu zake. Kutoka hapo ikapatikana aina ya Wisconsin Hollander. Mwaka 1930 John Charles Walker akaonesha kwamba upo usugu unaotokana na jeni moja tu yenye nguvu. Huo huitwa aina A. Upo na mwingine, aina B, unaotokana na jeni nyingi zikisaidiana.

Kwa mkulima wa visiwani tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Usugu wa aina B hulegea udongo ukipita nyuzijoto 24 hivi. Aina kama hiyo itasifiwa kwenye nchi ya baridi, ikiletwa hapa kaskazi inanyauka kama haikuwa na usugu wowote. Aina A husimama hata kwenye joto, lakini kwa mbari ya 1 tu. Mwaka 1985 iliripotiwa mbari mpya huko California iliyokuwa ikiua hata kabichi zenye aina A. Ndiyo mbari ya 2.

Kwa hiyo mbegu "sugu" ikinyauka kuna maelezo manne ya kupima: usugu wake ni wa aina B na joto limeushinda, konde lako lina mbari ya 2, ugonjwa si Fusarium kabisa (rudi kwenye swali la kisu), au mbegu iliyomo si ile iliyoandikwa nje. Hilo la mwisho hutokea zaidi kwenye mbegu zilizofunguliwa na kupimwa upya kwa vijiko. Nunua pakiti iliyofungwa kiwandani, na uitunze hata baada ya kupanda.

Kwenye pakiti niangalie nini?

Alama ya Foc:1. Maana yake aina hiyo imepimwa kwa mbari ya 1 ya fangasi wa kabichi. HR ni usugu wa juu, IR ni wa kati. Kama pakiti imeandikwa "inastahimili magonjwa" bila alama yoyote, ichukulie kuwa haijasema kitu. Angalizo dogo: kwenye maandishi ya migomba, Foc ni fangasi mwingine kabisa, kwa hiyo usishangae ukisoma kuhusu "Foc" anayeangamiza ndizi.

Basi huyo wa migomba hawezi kuhamia kwenye kabichi?

Hapana. Ni Fusarium oxysporum pia, lakini wa tawi la cubense, na kabichi si chakula chake; wala wa kabichi hagusi mgomba. Hata hivyo tusimsahau. Mbari yake iitwayo TR4 ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013 na ikaonekana Mayotte mwaka 2019, na pwani hii watu na mizigo yao huzunguka. Mche wa mgomba usiojulikana ulikotoka usiuvushe bahari.

Na ule uliokuwa ukiua mikarafuu?

Ugonjwa wa kufa ghafla kwa mikarafuu, ambao wazee wa Pemba na Unguja wanaujua vizuri, ulihusishwa na fangasi Valsa eugeniae, kwa uchunguzi wa Nutman na Roberts katika miaka ya 1950. Hauna udugu na mambo ya kabichi. Kupanda mboga karibu na mkarafuu kuna shida zake, kivuli na mizizi, lakini si hiyo.

Nibadilishe zao gani ili fangasi afe njaa?

Hapa ndipo kujua ukoo kunapolipa, kwa sababu jibu la fangasi mmoja ni chakula cha mwingine.

Ukiwa na Fusarium wa kabichi, kaa mbali na jamii yote: kabichi, chainizi, sukuma wiki, koliflawa, figili, haradali. Kunde, tungule, mahindi, bilingani, yote yanafaa. Usitarajie miaka miwili kumaliza kazi, maana spora zake husubiri zaidi ya miaka 10. Kubadilisha mazao huzuia asiongezeke, hakumwondoi. Dawa yake ya kweli ni mbegu ya aina A.

Ukiwa na Rhizoctonia wa AG 4, kunde na tungule ndizo zinazomnenepesha. Umebadilisha zao, hukubadilisha chakula. Hali ni hiyo hiyo kwa Sclerotium rolfsii, ambaye njugu nyasa na tungule kwake ni karamu. Hawa wawili wanataka nafaka: mahindi, mtama au mpunga. Vidonge vya rolfsii pia havipendi kuzikwa. Ukilima kwa kina na kugeuza udongo, vikaenda chini kabisa, vingi havioti.

Wanaopanda mboga bondeni baada ya kuvuna mpunga, kama wa Cheju au Bumbwisudi, wana bahati moja. Udongo uliokaa chini ya maji kwa wiki nyingi hupunguza sana vidonge vya rolfsii na fangasi wengine wanaohitaji hewa. Lakini kama mpunga wenyewe ulikuwa na madoa kwenye ala za majani, hapo yuko Rhizoctonia wa AG 1, na mabua yale usiyatandaze kwenye tuta la kabichi.

Dukani nimepewa dawa ya unga, nimemwagia, hakuna mabadiliko. Kwa nini?

Uliza kiambato, usiulize jina la biashara. Metalaxyl huua jamii ya Pythium. Kwa Rhizoctonia na Fusarium haina kazi. Carbendazim ni kinyume chake, haimgusi Pythium. Shaba inayopulizwa majani haifiki ndani ya mishipa aliko Fusarium, na mmea uliokwisha kunyauka haurudi kwa dawa yoyote. Tena ndani ya Rhizoctonia, makundi ya AG hayalingani kwa kuathiriwa na dawa: kipimo kinachommaliza mmoja kinaweza kumwacha mwenziwe akiendelea kukua. Mkulima wa Machui na wa Dole wakinunua chupa moja, mmoja akasifu na mwingine akalaani, huenda wote wawili wanasema kweli.

Tumia dawa kitaluni, mapema, kwa kipimo, ukijua unampiga nani. Kumwaga konde zima ni gharama, na sumu huingia kwenye visima.

Chokaa je?

Inategemea udongo wako. Fusarium hupendelea udongo wenye asidi, na kupandisha pH hadi 6.5 au 7 humpunguza makali. Kwa ugonjwa wa mizizi kuvimba hutakiwa kupita 7.2. Kwenye kichanga au kinongo kilicholimwa na kumwagiwa mbolea za amonia miaka mingi, pima pH, chokaa inaweza kusaidia. Kwenye uwanda, palipojaa mawe ya matumbawe, udongo una chokaa tayari. Kuongeza nyingine ni kubeba mchanga kuupeleka pwani.

Kuanika udongo kwa nailoni kunafanya kazi hapa?

Kunafanya, na jua la kaskazi ndilo wakati wake, Januari na Februari. Lainisha tuta, mwagilia hadi maji yaingie ndani, tandaza nailoni inayoangaza (nyeusi haifai kwa kazi hii), zika kingo zake kwa udongo ili mvuke usitoke, na uiache wiki 4 hadi 6. Kwenye sentimita za juu joto huvuka nyuzi 45. Unyevu ni lazima, kwa kuwa fangasi mkavu aliyelala huvumilia joto kuliko aliyeloa.

Kina ndicho udhaifu wake. Chini ya sentimita 30 fangasi huponea, kwa hiyo usije ukageuza udongo kwa jembe baada ya kutoa nailoni. Kwa konde kubwa gharama haishikiki. Kwa kitalu, hakuna njia tunayoipendekeza zaidi. Watafiti wa California waliripoti mwaka 1987 kwamba kuchanganya mabaki makavu ya kabichi udongoni kabla ya kufunika kuliongeza nguvu dhidi ya mnyauko wa manjano, kwa sababu ya gesi zinazotoka mabaki yakioza kwenye joto. Mabaki hayo yatoke konde lisilo na ugonjwa.

Trichoderma, fangasi rafiki anayeuzwa kwa pakiti, anasaidia?

Dhidi ya Rhizoctonia na Pythium kitaluni, ndiyo, akiwekwa kabla ya ugonjwa na akiwa hai. Pakiti iliyokaa dukani juani miezi kadhaa imebaki unga tu. Soma tarehe.

Maabara wanajuaje ukoo wa fangasi?

Kwanza huosha kipande cha shina au mzizi, husafisha ngozi yake ya nje kwa dawa, na kukiweka kwenye sahani yenye jeli ya viazi. Rhizoctonia hutanda kwa siku mbili tatu, nyuzi zake zikitoa matawi kwa pembe ya mraba. Fusarium huchukua kama wiki moja na chini ya hadubini huonesha spora zilizopinda kama mwezi mwandamo. Hapo umepata jina la kwanza tu.

Ukoo unapatikana kwenye vinasaba. Huchukua sehemu fulani ya DNA na kuizidisha kwa PCR, kile kile kipimo ambacho wasafiri wa uwanja wa ndege walikijua wakati wa Uviko-19, kisha husoma herufi zake na kuzilinganisha na za fangasi waliokwisha kusajiliwa. Kwa Rhizoctonia husomwa sehemu iitwayo ITS, na AG hujulikana. Kwa Fusarium, ITS haitoshi kwa sababu matawi mengi yanafanana pale; husomwa jeni ya TEF-1 alfa na nyinginezo. Hata hivyo, udugu wa karibu kwenye jeni hizo hauthibitishi ni mmea gani atakaoushambulia: ndani ya tawi moja huweza kuwamo koo zisizokaribiana. Ndiyo maana kipimo cha mwisho ni kumpa kabichi, aina isiyo sugu na yenye aina A, na kungoja.

Sampuli niipeleke wapi, na vipi?

Anza na bwana shamba au bibi shamba wa shehia yako. Kwa Unguja, utafiti wa kilimo uko Kizimbani; Pemba, kituo kiko Matangatuani. Kwa uchunguzi mkubwa zaidi, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina wataalamu wa magonjwa ya mimea.

Chukua mimea iliyoanza kuugua, si iliyokufa. Iliyokufa imekwisha kuingiliwa na kila kioozaji. Ichimbue na udongo wa mizizi, kutoka sehemu tano hivi za konde, kila sehemu bahasha yake. Tumia karatasi, maana ndani ya mfuko wa nailoni mmea hutoa jasho na kuoza njiani. Andika zao la mwaka jana, aina ya mbegu, na wiki ngapi tangu kuhamisha miche. Kwa mtaalamu, hayo maelezo ni nusu ya jibu.

Nikikosa maabara, kuna la kufanya mwenyewe?

Liko. Chukua udongo wa sehemu iliyoathirika, ugawe mara mbili. Nusu uutie kwenye sufuria na maji kidogo, ufunike, uuchemshe kwa mvuke nusu saa, uuache upoe. Jaza vikopo, nusu vya udongo mbichi na nusu vya uliochemshwa, na upande mbegu zile zile. Miche ikifa kwenye udongo mbichi ikasimama kwenye uliochemshwa, tatizo ni kiumbe hai wa udongoni. Ikifa kote, tafuta sababu kwenye mbegu au maji.

Hatua ya pili: kwenye udongo mbichi panda aina yenye Foc:1 na aina ya zamani isiyo na usugu, uwape wiki sita. Ya zamani ikigeuka manjano na ya Foc:1 ikabaki kijani, una mbari ya 1 na mbegu yako ya msimu ujao umeshaijua. Zote zikiwa manjano na mishipa ya kahawia, hapo maabara haikwepeki, na mtu mwingine asichukue udongo wala miche kwako mpaka majibu yarudi.

Unguja na Pemba ni nchi moja. Kuna ubaya gani kupeleka miche upande wa pili?

Bahari ni ukuta mzuri kwa fangasi wa udongoni; asipobebwa havuki. Ukipeleka miche yenye udongo kutoka Unguja hadi Chake Chake, unaweza kupeleka kundi la Rhizoctonia ambalo Pemba halikuwepo, likakuta mazao ambayo hayajawahi kuonana nalo. Peleka mbegu, kitalu kioteshwe huko huko. Ikibidi kuhamisha miche, iwe ya trei zenye mboji safi iliyochemshwa au kuanikwa, na si ya kung'oa ardhini.

Majani ya nje ya kabichi za sokoni nawapa ng'ombe, samadi nairudisha bustanini. Nina hatari?

Ndogo, lakini ipo. Majani ya chini yaliyooza yanaweza kuwa na vipande vya Rhizoctonia na vidonge vya Sclerotium, na baadhi ya hivi huweza kupita kwenye tumbo la mnyama vikiwa hai. Yenye uozo yatenge, yaanike yakauke, uyachome. Mazima mpe ng'ombe. Samadi irundike, iloweshwe na igeuzwe kila wiki mpaka ipate moto wa ndani na kupoa yenyewe, ndipo iende konde la mahindi. Ya kitalu cha kabichi itoke kwenye rundo jingine.